Digrii ya Miaka Miwili ya Afya Nchini Marekani: Inagharimu Nini, na Inalipa Lini?

Mwishoni mwa mwaka 2025 vyombo vya habari vya Marekani vilijaa mjadala kuhusu mpango wa Wizara ya Elimu ya nchi hiyo wa kutoziweka digrii za uuguzi, fiziotherapia na nyingine kadhaa za afya katika kundi la "digrii za weledi". Aliyesoma kichwa cha habari tu angeweza kudhani kwamba kazi ya afya imeshushwa hadhi, na kwamba anayefikiria kurudi darasani afadhali asijisumbue. Jambo lenyewe lilikuwa dogo kuliko kelele zake. Lililojadiliwa ni kikomo cha mikopo ya serikali kwa wanaosoma uzamili na kuendelea: kuanzia tarehe 1 Julai 2026, anayesoma udaktari, sheria au digrii nyingine ya kundi hilo la weledi anaruhusiwa kukopa hadi dola 200,000, na aliye nje ya kundi hilo hadi dola 100,000. Anayetaka digrii ya miaka miwili katika chuo cha jamii hahusiki kabisa na kikomo hicho.

Hofu hiyo, hata hivyo, iliangukia juu ya mkanganyiko wa siku nyingi. Kwa wazungumzaji wengi wa Kiswahili walioko Marekani, kuanzia Wakenya wa Lowell na Minneapolis hadi Wakongo waliopitia kambi za Nyarugusu, Kakuma na Nakivale kabla ya kupokelewa Louisville au Des Moines, mlango wa kwanza wa ajira huwa ni kuwahudumia wazee na wagonjwa, kazi ya CNA, yaani msaidizi wa wauguzi mwenye cheti, au ya kuhudumia watu majumbani. Baada ya ibada, msibani, harusini, ushauri ni ule ule: usibaki hapo, nenda kasome afya, mwenzako alisoma miaka miwili tu na sasa analipwa vizuri. Ushauri huo una ukweli ndani yake, ila unaacha nje mambo mawili yanayoamua kila kitu: huyo mwenzako alisoma nini hasa, na katika miaka hiyo nani alikuwa akilipa kodi ya nyumba.

Tuanze na majina, kwa sababu nusu ya hasara za watu hutokana na majina. Chuo cha jamii ni chuo cha umma kinachogharimiwa kwa sehemu na jimbo au eneo kilipo, kinachompokea karibu kila mwombaji aliyemaliza sekondari, na kinachotoa vyeti vya miezi michache pamoja na digrii ya miaka miwili iitwayo asosieti, yenye krediti 60 hivi. Mtanzania anaweza kuilinganisha na stashahada ya chuo cha kati, Mkenya na diploma ya KMTC, na Mkongo aliyepita ISTM ataona mfanano ingawa miaka haifanani. Sayansi shirikishi za afya, maneno ambayo msomaji wa Tanzania ameyazoea katika matangazo ya vyuo, ni kapu la kazi za kitaalamu za hospitali ambazo si za daktari na, kwa maana iliyokazwa, si za muuguzi pia. Ndani yake yumo anayepiga picha za eksirei, anayepiga altrasaundi, anayesimamia mashine za kupumulia, anayepima sampuli maabara, anayesafisha na kukagua meno, msaidizi wa mtaalamu wa fiziotherapia, anayetoa damu na msaidizi wa kliniki. Uuguzi una bodi yake, mtihani wake na foleni yake, hata kama madarasa yake yako katika jengo lile lile.

Kapu hilo ndilo linalodanganya. Kusema "afya inalipa" ni kama kusema "biashara inalipa" bila kueleza kama unauza simu au unauza mchicha.

Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani hutoa kila mwaka mishahara ya kazi zote kwa kipimo cha wastani wa kati: wapange wafanyakazi wote wa kazi fulani katika mstari, wa mshahara mdogo mwanzoni na wa mshahara mkubwa mwishoni, kisha umtazame aliye katikati kabisa. Kwa hesabu za Mei 2023, wa katikati kati ya wafanyakazi wote wa nchi, wa kazi yoyote ile, alipata dola 48,060 kwa mwaka. Msaidizi wa wauguzi alipata takriban 38,200, na mhudumu wa majumbani takriban 33,500. Sasa tazama ndani ya kapu. Mtaalamu wa usafi wa kinywa na meno alikuwa kwenye dola 87,500 hivi, mpiga altrasaundi 84,500, mtaalamu wa tiba ya upumuaji 78,000, mpiga eksirei 73,400, msaidizi wa fiziotherapia 64,000. Humo humo ndani, msaidizi wa kliniki alikuwa kwenye dola 42,000 na mtoa damu chini kidogo ya hapo. Hawa wawili wa mwisho huvaa sare ya aina moja na wale wa juu, husoma katika chuo kile kile, na picha zao huwekwa kwenye bango moja la matangazo. Lakini aliye juu kabisa anapata mara mbili ya hawa wawili.

Namba hizo nazo zinahitaji kusomwa kwa jicho la pili. Mshahara wa mwaka kwa kawaida hukokotolewa kana kwamba kila mtu anafanya saa 2,080, yaani saa 40 kila wiki. Wataalamu wa usafi wa meno wengi hawafanyi saa hizo. Wanafanya siku mbili kwa daktari huyu na siku moja kwa yule, na mara nyingi bila bima ya afya ya kazini. Kwa mtu mwenye mume au mke mwenye bima, huo ni mpango mzuri sana. Kwa mama anayelea watoto peke yake, kazi ya hospitali yenye mshahara mdogo kidogo lakini yenye bima ya familia inaweza kumfaa zaidi. Tena, aliye katikati ya mstari ameshafanya kazi miaka kadhaa. Aliyetoka chuoni jana husimama karibu na mwanzo wa mstari, na jimbo analoishi humsogeza mbele au nyuma zaidi.

Karo ndiyo sehemu rahisi ya hesabu, ingawa ndiyo inayowatisha watu kwanza. Kwa mwaka wa masomo 2024–25, wastani wa karo na ada za chuo cha jamii kwa mkazi wa eneo husika ulikuwa dola 4,050, wakati chuo kikuu cha umma kilimtoza mkazi wa jimbo wastani wa dola 11,610. Neno la kuzingatia ni mkazi. Aliyehamia jimbo jipya kwa kawaida husubiri miezi 12 kabla ya kuhesabiwa mkazi, na anayejiandikisha mapema anaweza kutozwa zaidi ya mara mbili kwa darasa lile lile na mwalimu yule yule. Kusubiri miezi michache hapo ni akiba, mradi muda huo utumike kutafsirisha vyeti au kumaliza masomo ya Kiingereza.

Juu ya hapo kuna ruzuku ya serikali iitwayo Pell, ambayo si mkopo na hairudishwi. Kwa mwaka 2025–26 kiwango chake cha juu ni dola 7,395, na mwenye kipato kidogo huiomba kwa fomu moja ya bure iitwayo FAFSA. Raia anaipata, mwenye kadi ya kijani anaipata, akiwemo aliyeingia kwa bahati nasibu ya viza. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi na aliyekwisha kupewa hifadhi pia wamo. Ambaye ombi lake la hifadhi bado linasubiri uamuzi hayumo, wala aliyekuja kwa viza ya mwanafunzi. Huyu wa mwisho hutozwa pia karo ya mgeni, na viza yake humbana katika kazi za ndani ya chuo na saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, hivyo hesabu yake ni tofauti na hii tunayoifanya hapa. Majimbo kadhaa yana mipango yao juu ya Pell: Tennessee na Michigan hulipia karo ya chuo cha jamii watu wazima wasio na digrii, na Massachusetts tangu mwaka 2024 imewafungulia wakazi wake wa umri wote wasio na shahada.

Kuna mambo mawili kuhusu Pell ambayo watu huyajua wakiwa wamechelewa. La kwanza ni kwamba haitolewi kwa mtu mwenye shahada ya chuo kikuu, na shahada ya nje inahesabika. Mhitimu wa Dodoma, Kenyatta au Lubumbashi aliye na shahada ya uhasibu au ualimu, na sasa anataka kusomea eksirei, hapati ruzuku hiyo hata kama shahada yake haijamsaidia kupata kazi yoyote Marekani. Wapo wanaoshauriwa kuinyamazia shahada hiyo kwenye fomu. Huo ni ushauri mbaya: kudanganya kwenye FAFSA ni kosa la jinai, na kwa mtu ambaye bado anasubiri uraia, madhara yake hayaishii kwenye pesa. La pili ni kwamba ruzuku ina kikomo cha maisha, sawa na miaka sita ya kusoma kwa muda wote. Anayeitumia kwa mihula mingi ya Kiingereza cha msingi na masomo ya kubahatisha anaweza kufika kwenye masomo ya fani akiwa ameimaliza, mithili ya msafiri aliyekula masurufu yote kabla ya kuvuka mto.

Sasa tufike kwenye gharama ambayo haimo kwenye karatasi ya chuo. Mkulima anayeng'oa mahindi ili apande kahawa hapotezi bei ya miche peke yake. Kahawa huchukua miaka mitatu au zaidi kuzaa vizuri, na katika miaka hiyo hana kahawa na hana mahindi. Wachumi huiita gharama ya fursa. Mkulima huiita njaa. Programu nyingi za sayansi shirikishi zina mafunzo ya vitendo hospitalini mchana, siku mbili hadi tatu au zaidi kwa wiki, kwa ratiba inayopangwa na chuo na isiyojali zamu zako. Ndiyo maana vyuo vingi huwaambia wanafunzi wao waziwazi wasijaribu kufanya kazi ya muda wote.

Tupige hesabu ya mfano, kwa namba za kudhani ambazo msomaji atabadilisha aweke zake. Dada mmoja ni CNA kwa dola 18 kwa saa, saa 40 kwa wiki, na kwa mwaka anapata 37,440 kabla ya kodi. Anasoma mwaka mmoja wa masomo ya utangulizi jioni bila kupunguza kazi, kisha anaingia programu ya eksirei ya miaka miwili na kushuka hadi saa 20. Kwa miaka hiyo miwili anapoteza mshahara wa dola 37,440. Karo ya miaka mitatu kwa dola 4,050 ni 12,150. Weka dola 4,000 za vitabu, sare, chanjo, uchunguzi wa rekodi ya polisi, ada ya mtihani na petroli ya kwenda hospitali ya mafunzo. Jumla ni dola 53,590. Sasa fikiria karo yote imefutwa na Pell: gharama inashuka hadi 41,440, maana yake ni kwamba zaidi ya robo tatu ya mzigo imebaki pale pale. "Chuo ni bure" ni maneno ya kweli, lakini ni kweli kuhusu robo ya mwisho tu.

Akimaliza na kuanza kwa dola 58,000, kiasi cha kudhani kilicho chini sana ya wastani wa kati, ziada yake juu ya mshahara wa zamani ni dola 20,560 kwa mwaka. Zile 41,440 zinarudi kwa miaka miwili. Akiwa alijilipia karo yote, kwa miaka miwili na miezi saba. Kwa mtu wa miaka 35 huo ni uwekezaji mzuri. Tuchukue dada huyo huyo, miaka ile ile, lakini badala ya eksirei asomee usaidizi wa kliniki na kupata dola 42,000. Ziada ni 4,560 kwa mwaka, na hata bila karo atahitaji miaka tisa kurudisha alichopoteza. Ni kweli kwamba usaidizi wa kliniki hauhitaji digrii ya miaka miwili, na anayeutaka anaweza kuupata kwa cheti cha mwaka mmoja hivi. Hapo ndipo swali linapokuwa kali zaidi, kwa nini basi watu wengi husajiliwa kuusomea miaka miwili?

Hesabu hii ina mpinzani mmoja mwenye hoja nzito, naye ni ovataimu. CNA anayefanya saa 60 kwa wiki, zile 20 za ziada zikilipwa mara moja na nusu, anafikisha dola 65,520 kwa mwaka. Huyu hucheka akisikia habari za kuacha kazi kwenda kusomea mshahara wa dola 58,000, na kwa kipimo cha mwaka mmoja ana haki ya kucheka: akishuka hadi saa 20 atapoteza dola 93,600 kwa miaka miwili, kisha atarudi kazini kwa kipato kilicho pungufu kwa 7,520 kuliko cha awali. Lakini tuvigawanye vipato hivyo kwa saa. Wake ni dola 21 kwa saa, na ili kuupata ametumia saa 3,120 za kuinua watu kitandani. Wa mpiga eksirei anayeanza ni takriban dola 28 kwa saa, na wa yule wa katikati ya mstari ni 35. Mgongo haujui ovataimu. Nionavyo mimi, anayefanya saa 60 akiwa na miaka 28 na anayezifanya akiwa na miaka 50 hawafanyi hesabu moja, na ndiyo sababu kulinganisha mishahara kwa saa ni haki kuliko kulinganisha kwa mwaka.

Kuna pia mstari ambao karatasi za vyuo vya Marekani hazina nafasi yake: pesa za nyumbani. Karo ya mdogo mtu huko Arusha, dawa za mzazi Bukavu, mchango wa mazishi. Hayo hayasimami kwa sababu umeingia chuoni, na wanafunzi wengi huacha masomo kwa sababu hizo, wala si kwa ugumu wa fiziolojia. Anayeijua familia yake vizuri hutangaza mapema, akataja tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na akaweka kiwango cha chini atakachotuma katika miaka hiyo. Ni mazungumzo magumu kwa mtoto wa kwanza, lakini ni rahisi kuliko kueleza kwa nini uliacha muhula wa tatu.

Tulisema miaka miwili, na hapo pana uongo wa upole. Miaka miwili huanza kuhesabiwa siku unapokubaliwa kwenye programu, si siku unapojiandikisha chuoni. Kabla ya hapo kuna anatomia na fiziolojia, mara nyingi katika sehemu mbili, aljebra, uandishi wa Kiingereza, pengine saikolojia. Na kabla ya hayo kuna mtihani wa kukupanga, ambao unaweza kukurudisha kwenye Kiingereza cha wageni kwa mihula kadhaa. Mlango wa chuo uko wazi kwa wote, lakini mlango wa programu ni mwembamba, kwa sababu hospitali za mafunzo zina nafasi chache. Alama ya C katika anatomia inatosha kufaulu somo lakini mara nyingi haitoshi kushinda nafasi. Mtu makini anayefanya kazi anapaswa kujiandaa kwa miaka mitatu hadi minne na nusu.

Na katika kusubiri huko ndimo ulimo mtego ambao kwa maoni yangu ni mbaya kuliko yote. Mwanafunzi aliyekosa nafasi mara mbili huelekezwa amalizie digrii ya jumla ya "sayansi za afya", ili asitoke mikono mitupu. Inasikika vizuri, inaitwa digrii, na mahafali yake yana joho. Lakini haina mafunzo ya hospitali wala haimpi haki ya kufanya mtihani wa leseni yoyote. Anayelipwa hospitalini halipwi kwa digrii, analipwa kwa leseni au usajili, kama vile cheti cha shule ya udereva kisivyokuruhusu kubeba abiria. Kwa eksirei, usajili unaotambulika nchi nzima ni wa ARRT, ambayo tangu mwaka 2015 humtaka kila mtahiniwa mpya awe na digrii ya asosieti au zaidi na awe amepita programu inayotambuliwa. Digrii bila programu haitoshi. Digrii ya jumla inamfaa anayeendelea chuo kikuu mara moja. Kwa mwingine ni risiti ya muda uliopita.

Yapo pia matangazo ya vyuo binafsi vya kibiashara yanayosema hakuna foleni, anza Jumatatu. Si vyote ni vibaya, lakini karo yake ni kubwa mara kadhaa na krediti zake mara nyingi hazikubaliwi kwingine. Kampuni ya Corinthian Colleges, iliyofundisha wasaidizi wa kliniki wengi mno kupitia vyuo vyake vya Everest, ilifungwa mwaka 2015, na mwaka 2022 serikali ya Marekani ilitangaza kufuta madeni ya dola bilioni 5.8 ya wanafunzi wake wapatao 560,000. Waliofutiwa walipata nafuu ya deni. Miaka yao haikurudishwa. Sheria iliyotiwa saini Julai 2025 imeweka kipimo kipya kwa programu za digrii zilizo chini ya uzamili: ikiwa wahitimu wake wanapata chini ya kijana wa jimbo hilo mwenye cheti cha sekondari tu, kwa miaka miwili kati ya mitatu, programu hupoteza haki ya mikopo ya serikali. Sheria hiyo hiyo, kuanzia Julai 2026, inafungua aina ya Pell kwa kozi fupi za kati ya wiki 8 na 15. Hiyo ya pili itasikika sana kwa Waswahili, kwa kuwa CNA na utoaji damu vinaweza kuangukia humo. Msomaji akumbuke tu kwamba kupunguzwa kwa bei ya kozi hakuongezi mshahara wa kazi yake.

Kabla ya kujisajili, kuna ukurasa mmoja wa kuutafuta kwenye tovuti ya chuo. Chombo kinachoithibitisha programu, JRCERT kwa eksirei na CAPTE kwa wasaidizi wa fiziotherapia, kinailazimisha itangaze asilimia ya wanaomaliza, wanaofaulu mtihani wa leseni na wanaopata kazi. Watu hutazama ufaulu wa mtihani peke yake, ambao karibu daima ni mzuri, kwa sababu dhaifu wamekwisha kuondoka. Namba inayosema ukweli ni ya wanaomaliza. Katika vyuo vya umma vya miaka miwili kwa ujumla, ni wanafunzi 4 hivi kati ya 10 wanaokuwa na cheti au digrii yoyote baada ya miaka sita, na anayeondoka katikati hubaki na gharama bila ile ziada tuliyoipigia hesabu.

Kwa waliosomea fani hizi nyumbani, jibu huwa chungu. Mpiga eksirei aliyefanya kazi miaka kumi Mwanza au Kisumu kwa kawaida hawezi kukaa moja kwa moja kwenye mtihani wa ARRT. Hutakiwa kupita programu inayotambuliwa, ingawa anaweza kuomba apunguziwe baadhi ya masomo. Aombe kwa maandishi, akiwa na vyeti vilivyotafsiriwa na kukaguliwa, kabla ya kulipa chochote. Jambo jingine dogo ambalo limewagharimu wengi eksirei za kifua zisizo na sababu: kabla ya mafunzo ya vitendo utapimwa kifua kikuu, na kipimo cha sindano ya ngozi kinaweza kuvimba kwa sababu ya chanjo ya BCG uliyochanjwa utotoni, ile iliyokuachia kovu begani. Omba kipimo cha damu, ambacho hakidanganywi na BCG.

Nikimrudia yule dada wa mfano, hatua yake ya kwanza ya busara pengine si chuoni. Ni kuhama kutoka nyumba ya wazee kwenda hospitali, hata kwa mshahara ule ule wa dola 18. Hospitali nyingi husaidia kulipa karo za wafanyakazi wao, na sheria ya kodi ya Marekani huruhusu hadi dola 5,250 kwa mwaka za msaada huo bila kukatwa kodi ya kipato, kiasi kinachozidi karo ya wastani ya chuo cha jamii. Asome mkataba wake vizuri, maana wengi humtaka mhitimu abaki kazini mwaka mmoja hadi mitatu, na anayeondoka mapema hurudisha. Lakini atakuwa akipita kila siku mbele ya chumba cha eksirei, akiwaona wanavyofanya kazi saa tisa za usiku, na ataweza kuwauliza wenyewe kama wangeichagua tena.